Simbilisi si sungura mdogo: Makao, lishe na matunzo yanayomfaa

KATIKA maboma mengi ya Kitale na Bungoma, si ajabu kumkuta simbilisi akiishi katika banda moja na sungura, akila alacho sungura na kutibiwa kwa dawa ya sungura.

Mazoea hayo hayatokani na nia mbaya. Hata hivyo, ndiyo chanzo cha vifo vya wengi wa wanyama hawa wapole, na watoto waliowapenda hubaki wakilia bila kujua kilichowaua.

Simbilisi, ambaye wengi humjua kwa jina lake la Kiingereza, guinea pig, ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na sauti nyembamba ya kulialia. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako wenyeji walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita.

Akiwa mzima, huwa na uzito wa kati ya gramu 700 na 1,200, na akitunzwa vyema huishi kwa miaka mitano hadi minane. Mzazi anayemnunulia mtoto wa darasa la nne simbilisi afahamu kwamba huenda mnyama huyo akawa hai mtoto akiwa shule ya upili.

Kuna sababu kuu za kutomchanganya na sungura. Kwanza, sungura anaweza kubeba mwilini bakteria aina ya Bordetella bila kuugua, lakini viini hivyo vikimfikia simbilisi humletea homa ya mapafu inayoweza kumuua kwa siku chache. Pili, teke moja la sungura laweza kumvunja mbavu. Tatu, mahitaji yao ya chakula si sawa, kama itakavyoelezwa.

Makao

Simbilisi hapendi upweke. Inafaa kufuga angalau wawili wa jinsia moja, au dume aliyehasiwa pamoja na jike. Kizimba cha wawili kisipungue urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60.

Kwa kuwa mnyama huyu si hodari wa kupanda wala kuruka, ukuta wa kimo cha sentimita 40 watosha kumzuia asitoroke. Lakini hautamzuia paka kuingia, na kwa sababu hiyo kizimba sharti kifunikwe juu kwa wavu imara.

Sakafu iwe ya mbao au saruji, si ya wavu. Nyayo za sungura zina manyoya yanayomkinga, ilhali za simbilisi ni tupu. Akikanyaga nyaya kila siku hupata vidonda vinavyotunga usaha, na kidole kikinasa mguu waweza kuvunjika.

Juu ya sakafu, tandaza nyasi kavu au maranda ya mbao yasiyo na harufu kali, kwa unene wa sentimita tano hivi. Pembe zilizolowa mkojo zisafishwe kila siku, na matandiko yote yabadilishwe mara mbili kwa juma. Hewa yenye harufu ya mkojo huchoma mapafu.

Hali ya hewa nayo izingatiwe. Joto linalomfaa ni nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi. Kitale, mji ulio katika kimo cha mita 1,900 hivi kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, huwa na baridi usiku. Mfugaji wa huko azibe upande unaovumisha upepo, ainue kizimba kutoka ardhini na kuweka ndani kisanduku kilichojazwa nyasi kavu, ambamo wanyama watajificha na kupata joto.

Bungoma iko chini zaidi, na hatari kubwa huko ni joto, hasa Januari na Februari, banda likiwa limeezekwa kwa mabati matupu. Joto likipita nyuzi 28, simbilisi huanza kutaabika. Akionekana amelala kifudifudi akihema kwa kasi na kutokwa na mate, apelekwe kivulini upesi, na masikio na nyayo zake zipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya baridi kiasi.

Wako wanaowaweka jikoni ili wapate joto. Moshi wa kuni huwadhuru, na ni heri kuwatafutia chumba kingine.

Siafu pia ni adui. Wanaweza kuwamaliza wanyama waliofungiwa kizimbani kwa usiku mmoja. Miguu ya kizimba iwekwe ndani ya mikebe yenye maji au mafuta machafu ya gari.

Lishe

Jambo ambalo kila mfugaji hana budi kulikumbuka ni hili: mwili wa simbilisi, kama ulivyo wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwili wa sungura huitengeneza wenyewe. Kwa hiyo chakula cha sungura kinachouzwa madukani hakiwekewi vitamini hiyo, na simbilisi anayelishwa hicho pekee hupatwa na kiseyeye.

Dalili za kiseyeye ni manyoya kusimama ovyo, kuchechemea, ufizi kutoka damu, na mnyama kulia kwa uchungu anaposhikwa. Asiposaidiwa kwa majuma machache hufa.

Kinga yake haina gharama kubwa. Simbilisi mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa siku, na gramu 30 za sukumawiki mbichi, yaani jani moja kubwa au mawili, zinatosha. Pilipili hoho pia ina vitamini hiyo kwa wingi. Mboga ziwe mbichi, kwa maana kuzipika au kuzianika hupunguza vitamini.

Hata hivyo, mboga si chakula kikuu. Sehemu kubwa ya mlo wake ni nyasi, ambazo humsaidia kusaga chakula na kupunguza meno yake, yanayoota maisha yake yote. Wakazi wa Trans Nzoia wana bahati ya kuwa karibu na mbegu za nyasi aina ya Boma Rhodes, zinazouzwa na kampuni ya Kenya Seed yenye makao makuu mjini Kitale. Nyasi hizo zikikatwa na kukaushwa vizuri humfaa mno.

Asipewe majani ya viazi mbatata, ya nyanya wala ya mparachichi. Vitunguu na mabaki ya ugali au mkate pia viepukwe.

Tahadhari kubwa zaidi ni kuhusu kemikali. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka wa 2017 na kuvamia mahindi ya magharibi mwa Kenya, wakulima wengi wamekuwa wakinyunyizia mimea yao dawa. Nyasi zilizokatwa kando ya shamba lililopigwa dawa ya wadudu au ya magugu zinaweza kuua kizimba kizima.

Maji safi yawepo saa zote, katika chupa ya kuning'iniza au bakuli zito lisilopinduka.

Uzazi

Jike hubeba mimba kwa siku 68 hivi na kuzaa watoto wawili hadi wanne, wakiwa na manyoya na macho wazi. Jike asiyewahi kuzaa asipandishwe kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita au saba, kwani mifupa ya nyonga huwa imeshikana na yaweza kumzuia kuzaa. Asiyekusudia kuwazalisha awatenge watoto wa kiume wakiwa na umri wa majuma matatu, maana jike aweza kushika mimba akiwa na mwezi mmoja tu.

Maradhi

Simbilisi akikosa kula kwa siku nzima, hiyo ni dharura. Amwone daktari wa mifugo siku iyo hiyo, na daktari aelezwe waziwazi kwamba mgonjwa si sungura.

Kamwe asipewe penisilini, ampisilini wala amoksilini. Dawa hizo huua bakteria wema walio tumboni mwake, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wenye sumu inayomuua.

Watoto nao wafunzwe kunawa mikono kila wanapomshika, kwa kuwa choa huweza kuwaambukiza. Wambebe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, huku wakiwa wameketi. Simbilisi akianguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama, anaweza kuvunjika mgongo.

Kabla ya kununua, chagua mnyama mwenye macho maangavu, pua kavu, makalio safi na manyoya yasiyo na mabaka. Na kizimba chake kiwe tayari kabla hajafika nyumbani, mbali na banda la sungura.