Gari Linalomalizwa Gereji

Pikapu ya Land Cruiser inayotoka Arusha kuelekea Loliondo, au Isiolo kuelekea Ziwa Turkana, haifanani na ile iliyoshushwa melini Dar es Salaam au Mombasa. Imeongezewa tanki la pili la mafuta na bati nene la kuyakinga matanki yote mawili na mawe. Mbele ina bampa la bomba la chuma, ubavuni mkonga wa kuvutia hewa ya juu, nyuma springi zilizopangwa upya jani kwa jani. Mara nyingi hata bodi si ile ya awali: sanduku la mizigo limeng'olewa, na mahali pake pamejengwa chumba cha abiria chenye paa la kuinuka. Tumezoea kuyaita haya yote nyongeza, kana kwamba gari lilikuwa limekwisha na fundi wa huku amelipamba tu. Historia ya usafiri wa nje ya lami Afrika Mashariki inasema vingine. Kwa karibu miaka mia moja magari ya kazi ngumu yamefika hapa yakiwa nusu, na nusu iliyobaki imetengenezwa gereji. Na aina zilizodumu ni zile ambazo fundi aliweza kuzifungua, kuzikata na kuzifunga tena kwa zana alizokuwa nazo.

Ushahidi wa mwanzo uko Kenya ya miaka ya 1920. Aliyetaka gari la shamba au la kuwindia mara nyingi hakuagiza gari zima. Alichukua chesisi ya Kimarekani, ya Ford, Chevrolet au Buick, yenye injini na sehemu ya mbele, kisha akajengewa bodi ya mbao hapa hapa: sanduku la nyuma la kubeba hema, maji, bunduki na watu. Magari hayo yaliitwa boksibodi, na ndiyo yaliyobeba safari kubwa za uwindaji za wakati ule. Walichagua chesisi ya Kimarekani kwa sababu wazi. Uingereza ilitoza kodi ya gari kwa kupima kipenyo cha silinda, hivyo viwanda vyake vikajibana kwenye injini ndogo, na magari yao yalikuwa ya chini, yanayofaa barabara zilizotengenezwa. Marekani ya vijijini ilikuwa na matope yake, na magari yake yalikuwa marefu kutoka ardhini, yenye nguvu ya kutosha. Mikono ya kujenga bodi ilikuwapo tayari. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta maseremala na wahunzi wa Punjab, wengi wao Masingasinga, na waliobaki walifungua karakana mijini. Kwa hiyo kabla ya Land Rover kubuniwa, gari la msitu na mbuga zetu lilikuwa linatengenezwa Nairobi.

Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa na sifa moja iliyotokana na uhaba. Baada ya vita chuma cha bati kiligawiwa kwa kibali Uingereza, lakini aluminiamu ilikuwa tele, basi bodi ikakunjwa kwa mabati bapa ya aluminiamu na kufungwa kwa boliti juu ya chesisi ya chuma. Waliofanya hivyo walitaka kukwepa uhaba huo na kuokoa gharama za kiwanda. Huku kwetu matokeo yake yakawa makubwa kuliko walivyokusudia. Mlango uliweza kutolewa kwa spana mbili, paa likavuliwa, nyuma ikageuzwa pikapu, gari la wagonjwa au gari la polisi. Linganisha na yaliyotokea Kongwa, Tanganyika, wakati huohuo. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza 1947 kwa matrekta yaliyokuwa masalio ya vita, na baadaye vikaletwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta katika kiwanda cha Vickers, Uingereza. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mizizi ikavunja majembe, na sehemu kubwa ya mashine za kwanza ikalala karakanani kabla mwaka haujaisha, kwa kukosa vipuri na mafundi wa kutosha. Mpango ukafungwa 1951, hasara ikipita pauni milioni 30. Sisemi mashine peke yake ndiyo iliyouangusha. Mvua haba na uchaguzi mbaya wa ardhi vilitosha kuua zao. Lakini kifaru kilichogeuzwa Uingereza kufanya kazi Kongwa, na Land Rover iliyogeuzwa pale pale ilipotumika, ni njia mbili tofauti kabisa za kurekebisha mashine. Ya pili ndiyo iliyobaki.

Mashindano ya Safari Rally yaliyaweka mambo haya mbele ya macho ya dunia. Yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, ili matope yasikosekane. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imetumika, gari lililowahi kukimbizwa na timu ya kiwanda chenyewe. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Ushindi ule una uzito kwa hoja yangu, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na pesa, vipuri vipya na wahandisi, na bado mshindi akawa mtu aliyeijua barabara na kulitayarisha gari kwa ajili ya barabara hiyo. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na haikuwa bahati kwamba pikapu ya 404 ikawa gari la mashamba na la matatu za mwanzo Kenya. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vilivyotaka kushinda, Toyota na Lancia miongoni mwao, vilikuwa vinatengeneza magari ya pekee kwa ajili ya Safari: yaliyoinuliwa, yenye bampa la mabomba mbele.

Inafaa kukaa kidogo kwenye springi, maana humo ndimo ujuzi wote huu unamoonekana. Barabara ya kokoto inayopitiwa na magari mengi hujichonga vituta vidogo vya mfululizo, na gari likipita juu yake kwa saa nyingi shokapu hufanya kazi bila kupumzika. Mafuta yaliyomo ndani hupata joto, sili huachia, na shokapu ikifa springi hubaki peke yake kupokea kila pigo. Ndipo majani yanapokatika, boliti ya katikati inapokatika, na mwishowe chesisi yenyewe inapopasuka karibu na kishikio cha springi. Springi ya majani ina fadhila moja ambayo springi ya koili haina: likikatika jani moja, yaliyobaki yanakufikisha. Jani hilo hilo linaweza kubadilishwa peke yake, na lisipopatikana, jani la gari jingine hupashwa moto, likapigwa nyundo hadi lipate mkunjo unaotakiwa, likakatwa kwa urefu na kutobolewa. Wateja wengi hudhani kuongeza jani ni kuliimarisha gari. Fundi anayeijua kazi yake hasemi hivyo. Springi ikiwa ngumu kuliko mzigo, pigo ambalo ingelimeza hupelekwa kwenye ekseli na chesisi, na ufa unaotokea huko ni ghali kuliko jani. Ndiyo maana kuna magari ambayo fundi huyapunguzia jani, akamwambia mwenyewe apunguze mzigo. Nayo matunzo ya kila siku yanafuata mantiki hiyohiyo: yu-bolti hukazwa tena baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa majani mapya hulegea yakishakaa, krosi za shafti hupigwa grisi baada ya kuvuka mto, mafuta ya difu huangaliwa kama yamegeuka rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia, filta ya hewa hukung'utwa kila jioni, kwa sababu vumbi laini la volkano la Ngorongoro au lile la chumvi la Amboseli likipita kidogo tu, ringi na silinda husagika na injini huanza kula oili. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mtambo wa bei kubwa. Linalohitajika ni mtu anayejua na gari linalokubali kufunguliwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kabla ya hapo watalii wengi wa Serengeti waliingilia Nairobi, na magari yaliyowabeba yalitunzwa huko. Mpaka ulipofungwa, Arusha ililazimika kujitegemea, na hilo likaja pamoja na vita vya Kagera na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Vipuri havikuagizwa kwa urahisi. Gari moja likawa ghala la jingine, bushi zikachongwa, rejeta zikazibwa, chesisi zikaungwa. Biashara ya utalii ilipofunguka tena, mji ulikuwa na mafundi waliokwisha kuzoea kukata gari na kulijenga upya. Toyota nayo ilikuwa imetoa familia ya Land Cruiser 70 mwaka 1984, na kuanzia 1990 injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, yenye pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta. Pikapu ya familia hiyo ilikuwa chesisi ya boksibodi iliyorudi kwa sura nyingine: mbele imekamilika, nyuma wazi, ikimsubiri mjenzi. Kenya iliendelea kutegemea sana basi dogo lenye paa la kuinuka. Tanzania, ambako magari yasiyo na nguvu kwenye magurudumu yote manne hayaruhusiwi kuteremka kreta ya Ngorongoro, ilijenga utalii wake juu ya Land Cruiser iliyorefushwa.

Hapa atainuka mtu na kusema kwamba ninawapa mafundi sifa ambayo ni ya Wajapani: Land Cruiser imeishinda Land Rover kwa sababu ni imara, basi. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Ekseli za nyuma za Land Rover za zamani zilijulikana kwa kukatika, na hakuna fundi anayeweza kuufanya uimara usiokuwepo. Hata hivyo, uimara huo wenyewe haukubuniwa Japani na kuletwa umekamilika. Sehemu yake ilitokana na miaka ya kazi katika nchi ngumu, kama Australia, ambako mkandarasi Leslie Thiess aliingiza Land Cruiser mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ujenzi wa mabwawa ya milima ya Snowy, na gari likajifunza huko udhaifu wake. Tena wateja wenye fedha nyingi kuliko wote hawaridhiki na gari la kiwandani. Huko Gibraltar kuna kampuni ya Toyota ambayo kazi yake ni kuyageuza magari haya kwa ajili ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada kabla ya kuyasafirisha. Kama kugeuza gari ni alama ya umaskini, Umoja wa Mataifa ungekuwa maskini wa kwanza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama, na sitalikwepa. Chesisi iliyokatwa na kurefushwa inabeba watu wengi kwa breki zilezile. Paa la kuinuka, karia, madumu na tairi mbili za akiba huupandisha uzito juu, na gari refu lililoinuliwa hupinduka upesi kwenye kona ya kokoto. Kuchomelea nako kuna hatari yake, kwa sababu joto hudhoofisha chuma cha kando ya maungio. Mafundi bora wanalijua hili: hawakati chesisi wima mstari mmoja, hukata kwa mshazari au kwa ngazi, hutia bamba la kuimarisha ndani, huepuka kutoboa ukingo wa juu na wa chini, na hupeleka shafti iliyorefushwa ikasawazishwe. Tatizo ni kwamba ujuzi huo hupita kwa mdomo, kutoka kwa fundi hadi kwa msaidizi wake, na aliye nje hawezi kutofautisha kazi nzuri na mbovu baada ya rangi kupakwa. Hilo halinifanyi nione kwamba kazi hii ikomeshwe. Linanifanya nione kwamba VETA ya Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vinapaswa kuifundisha kama somo kamili, na kwamba ukaguzi wa magari unapaswa kuangalia maungio ya chesisi kwa umakini uleule unaowekwa kwenye taa na tairi.

Wapo pia wanaosema lami itamaliza habari hii. Kutoka Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500 zilizokuwa mateso ya mawe, sasa kuna lami. Lakini lami imelisogeza tu gari la porini kwenye njia za pembeni, na pikapu za huko bado zinajengewa bodi. Tishio la kweli liko kwenye kompyuta ya injini. Injini mpya za dizeli zinahitaji mashine ya uchunguzi na ruhusa ya kiwanda kusoma hitilafu ambayo zamani fundi aliijua kwa sikio, na ndiyo sababu 1HZ ilikuwa bado inauzwa Afrika zaidi ya miaka 30 tangu ianze. Hata hivyo kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi 2017 na sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kuyaondolea injini ya dizeli magari ya utalii yaliyokwisha kutumika na kuyatia mota ya umeme na betri. Kilichobaki katika magari hayo ni chesisi, ekseli na springi za majani, vitu ambavyo fundi wa kawaida wa Afrika Mashariki anavijua vizuri kuliko vingine vyote.