Vipimo vya Ziada na Uthibitisho wa Sampuli ya Sindano, 1904–2013

Historia ya uchunguzi wa tishu kwa sindano imezoeleka kusimuliwa kama historia ya sindano yenyewe: namna ilivyozidi kuwa nyembamba na kumwepusha mgonjwa na kisu. Makala haya yanaitazama kwa upande mwingine. Sindano huleta kitu kidogo mno, na kilichokipa kitu hicho uzito wa ushahidi ni vipimo vya maabara.

Mfano wa awali unapatikana Uganda. Mwaka 1904, wakati wa janga la malale kandokando ya Ziwa Viktoria, watafiti Greig na Gray walichoma tezi za shingo zilizovimba, wakavuta majimaji na kuyatazama kwa hadubini. Humo waliona tripanosoma wakiwa hai, wakijongea. Swali lilikuwa moja, na jicho lilitosha kulijibu.

Kwa saratani jicho halikutosha. Martin na Ellis walipochapisha mwaka 1930 matokeo ya kazi yao New York, wanapatholojia wengi walisita, kwani seli zilizotawanyika juu ya kioo hazionyeshi mpangilio wa tishu zilikotoka. Wasweden wa Karolinska, katika miaka ya 1950 na 1960, waliifufua njia hiyo kwa sindano nyembamba na rangi ya Giemsa, ambayo ilikuwa imezoeleka katika uchunguzi wa damu. Hata hivyo, seli za aina mbili zinaweza kufanana kwa umbo huku tiba zake zikitofautiana kabisa. Ufumbuzi ulikaribia mwaka 1975, Köhler na Milstein walipobuni huko Cambridge njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja. Kwa kingamwili hizo seli ilitambuliwa kwa protini zake, si kwa sura pekee.

Hapo likazuka tatizo ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaostahili: kila kipimo hula sehemu ya sampuli. Kuamua kipi kitangulie ni uamuzi wa kitabibu, ingawa mara nyingi hufanywa kimyakimya na fundi wa maabara.

Uzito wa uamuzi huo huonekana katika uvimbe wa tezi za shingo, hasa palipo na kifua kikuu na VVU kwa wingi, kama Afrika Mashariki. Rangi ya Ziehl-Neelsen, ya miaka ya 1880, huhitaji bakteria wengi ili waonekane. Kuotesha huchukua wiki kadhaa. Mwenye limfoma akidhaniwa ana kifua kikuu, hunywa dawa kwa miezi huku uvimbe ukikua. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba cha Xpert kwa sampuli za tezi pia. Majibu yake hupatikana kwa takriban saa 2, pamoja na taarifa ya usugu dhidi ya rifampisini. Kuhusu limfoma hakisemi lolote; na sampuli ikiwa imekwisha, mgonjwa huchomwa upya.