Maji ya bomba Kamwokya: jinsi ya kujua ubora wake na kuuliza rekodi zake

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka (NWSC) huyasafisha kwenye mitambo ya Ggaba na Katosi, huyatia klorini, kisha huyasukuma hadi mitaani. Makala hii inakueleza kiwango kinachotakiwa, mahali maji yanapochafukia na namna ya kulalamika, uwe mkimbizi au mwenyeji.

Maji salama ni yapi?

Uganda hutumia kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, US EAS 12. Mililita 100 za maji hazitakiwi kuwa na bakteria wa E. coli hata mmoja, kwa sababu bakteria hao ni dalili ya kinyesi. Shirika la Afya Duniani linashauri pia klorini ya angalau miligramu 0.2 kwa lita ibaki hadi maji yanapokufikia. Kwa hiyo harufu ndogo ya klorini isikutishe.

Macho hayatoshi kupima maji:
- Meupe kama maziwa, kisha yanatulia baada ya dakika chache: ni hewa.
- Ya kahawia: ni kutu au udongo, mara nyingi baada ya maji kukatika.
- Maangavu: bado yanaweza kuwa na vijidudu.

Yanachafukia wapi?

Mara nyingi ni njiani. Penye msongamano wa nyumba, mabomba membamba hupita ndani ya mitaro au karibu na vyoo. Maji yakikatika, nguvu ya bomba hushuka na uchafu huingia kupitia nyufa. Maji yanayotangulia kutoka baada ya kukatika usiyanywe. Jerikani chafu nayo huharibu maji yaliyokuwa safi.

Hatari hii ni ya kweli. Mwaka 2015 homa ya matumbo (taifodi) ililipuka Kampala, na watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua. Uchunguzi ulihusisha mlipuko huo na maji na juisi zilizochafuliwa.

Rekodi zinapatikana wapi?

NWSC na Wizara ya Maji na Mazingira hutoa ripoti kila mwaka. Takwimu zake ni za jumla. Hazikuambii hali ya bomba la uani kwako.

Kwa taarifa zaidi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba rekodi za ofisi ya serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Sheria inataja raia. Kama wewe ni mkimbizi, shirikiana na jirani Mganda, mwenye nyumba au mwenyekiti wa LC1 ili mmoja wao aandike ombi.

Ukiona tatizo, fanya hivi

1. Waulize majirani. Kama ni kwenu peke yenu, huenda bomba baada ya mita limepasuka. Mwambie mwenye nyumba.
2. Andika tarehe, saa, rangi na harufu. Piga picha.
3. Pigia NWSC bila malipo: 0800 200 977 au 0800 300 977. Taja mahali panapojulikana karibu nawe na namba ya mteja iliyo kwenye bili. Omba namba ya malalamiko na uihifadhi.
4. Usiposaidiwa, nenda kwa LC1 au afisa afya wa KCCA. Wakimbizi wanaweza pia kupiga 0800 32 32 32 bila malipo.

Wakati unasubiri, chemsha maji ya kunywa hadi yatokote vizuri, au tumia vidonge vya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Yahifadhi kwenye chombo safi chenye kifuniko. Mtu akiharisha sana au akiwa na homa isiyoshuka, mpeleke kituo cha afya mapema.