Mali bila Daftari: Habari ya Karanga za Kongwa

Leo twataka kuzungumza habari ya msaada wa Serikali kwa watu wa mashamba, na habari ya hesabu ya msaada huo. Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twawafundisha watoto, nao huiandika vizuri ubaoni. Lakini maana yake yaonekana zaidi katika mambo yaliyotukia Ugogo, katika nchi iliyoitwa Tanganyika, baina ya mwaka 1947 na mwaka 1951.

Vita vya 1939 hata 1945 vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia, na watu wake walikuwa wakigawiwa chakula kwa kipimo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mmoja wa wakubwa wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika kwa mitambo. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu kutazama nchi. Kiongozi wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa Idara ya Kilimo ya Tanganyika. Wakazunguka kwa majuma tisa, na sehemu kubwa ya safari yao ilikuwa kwa ndege.

Waliporudi walileta shauri kubwa mno: eka 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107, kila shamba eka 30,000. Mengi yangekuwa Tanganyika, na mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikisiwa kuwa kama paundi milioni 24. Ahadi zilikuwa mbili. Waingereza wangepata mafuta; na wenyeji wa nchi wangepata kazi, reli, bandari na ujuzi wa kilimo kipya. Kwa hiyo jambo hili lilihubiriwa kuwa biashara, na pia kuwa msaada.

Mahali pa kwanza palipochaguliwa ni Kongwa. Basi hapa yafaa tusimame kidogo. Mgogo ye yote aliyekwisha kuota mvi angaliweza kueleza tabia ya nchi ile. Mwaka mmoja mvua hunyesha, mwaka wa pili hukataa. Ndiyo sababu Wagogo hulima mtama na uwele, mazao yavumiliayo ukame, tena hufuga ng'ombe ili shamba likishindwa wasife njaa. Njaa kuu waliyoiita Mtunya, iliyowapiga tangu 1917 hata 1920, ilikuwa haijatimiza miaka thelathini, na watu walioiona walikuwa hai. Wangalijua pia kwamba udongo wa huko mvua zikiisha hukauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi, hazina budi kuchimbuliwa. Lakini shauri lilikwisha kukatwa, wala halikujaribiwa kwanza katika shamba dogo.

Kazi ikaanza mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, yaliyonunuliwa katika masalio ya vita, mengine yametoka mbali hata Ufilipino; tena vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mitambo ya kung'oa miti. Vyuma vikavunjika juu ya mizizi ya vichaka na mashina ya mibuyu. Vyuma vya kutengenezea havikupatikana upesi, na mizigo yote ilipita katika njia moja ya reli itokayo Dar es Salaam. Mwaka huo walikusudia kusafisha eka 150,000. Waliweza kupanda kama eka 7,500 tu.

Mwaka 1948 kazi ilitolewa mikononi mwa kampuni, ikapewa shirika jipya la Serikali, Overseas Food Corporation, lililokuwa chini ya Waziri wa Chakula huko London. Wakaguzi walipozitazama hesabu za shirika mpaka mwisho wa Machi 1949, walisema kwamba vitabu vya hesabu havikuandikwa kama ilivyopasa. Hebu fikirini, ndugu zetu: mamilioni ya paundi, na daftari haliko sawa! Bunge la Uingereza likashindana kwa maneno makali. Shauri likapunguzwa, zikawa eka 600,000 mpaka 1954. Halafu mwezi wa Januari 1951 Serikali ilitangaza kwamba shauri limeachwa. Hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa kama paundi milioni 36 na nusu.

Mwanafunzi mmoja katika chuo chetu cha ualimu alituuliza, "Mwalimu, je, hesabu hiyo walisomewa Wagogo?" Swali hili lilitunyamazisha, maana ndilo kiini cha habari yote.

Hesabu ilitolewa, hatuwezi kusema haikutolewa. Mkaguzi alisema alichokiona, Bunge liliuliza, magazeti yaliandika. Lakini yote hayo yalikuwa London. Mlipa kodi wa Uingereza alikuwa na mjumbe wake Bungeni wa kumwulizia. Mgogo, ambaye ardhi ilikuwa yake, hakuwa na mtu. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao waliteuliwa na Gavana, hawakuchaguliwa na watu. Tena shirika lenyewe halikuwa chini ya baraza lile. Hivyo mtu wa Kongwa alitendewa jambo kwa jina la msaada, wala hakuulizwa lilipoanza, wala hakuelezwa lilipokwisha.

Haki yatupasa kusema na mema. Bandari ya Mtwara ilitokana na shauri lile, na watu wengi walijifunza udereva na ufundi wa mitambo. Lakini reli ya kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, iling'olewa baada ya Uhuru, kwa kuwa mizigo haikutosha.

Siku hizi mambo ya sheria yamebadilika. Katika Tanzania Bara, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mmoja wa mkutano huo. Yuko pia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Basi mlango alioukosa Mgogo wa mwaka 1947 u wazi; lakini mlango haumwingizi mtu asiyeinua mguu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, msaada wa kisima, wa josho au wa mbegu ukija kijijini, tuulize kwa adabu mambo manne. Nani aliulizwa kabla? Ulijaribiwa wapi? Daftari liko kwa nani? Na litasomwa lini mbele yetu? Atakayejua kusoma na awasomee wasiojua. Kuuliza hivyo si utovu wa shukrani. Apewaye ng'ombe huuliza ametoka zizi gani, ili apate kumtunza.