Kuchomeka bila kuzima

Kuchomeka bila kuzima ni kuiongezea mashine pepe kifaa huku ikiendelea na kazi. Kifaa kinachohusika hapa ni kumbukumbu dumifu, yaani ile inayokaa penye nafasi za RAM na kusomwa na prosesa moja kwa moja, lakini haipotezi data umeme ukikatika. Iliyovuma zaidi ni Optane ya Intel, ambayo mwaka 2022 kampuni ilitangaza kuiacha. Programu ya QEMU, inayoendesha mashine pepe, huigiza kumbukumbu dumifu kwa jina la nvdimm, na tangu toleo la 2.8 inaweza kuchomekwa mashine ikiwa kazini.

Wapo wanaoandika “kuchomeka moto”, kwa kufuata neno la Kiingereza hot plug, na tafsiri hiyo inasikitisha. Kitenzi choma kina maana mbili: kudunga, kama sindano au mwiba, na kuunguza. Chomeka kimezaliwa na maana ya kwanza. Ndiyo maana kisu huchomekwa alani na shati likachomekewa. Ukikiongezea “moto”, unakirudisha kwenye maana ya pili, na msomaji anaona kifaa kikiungua. Hoja kwamba mafundi umeme husema “waya wa moto” haisaidii, kwa sababu mashine pepe haina waya. “Kuchomeka hai” nako hakufai, maana kilicho hai ni mashine, si tendo. “Bila kuzima” husema jambo lenyewe, na hakuna kamati inayohitajika kulifafanua.

Chomeka kina sifa nyingine: kinyume chake kipo tayari. Kiswahili husema anika na anua, funika na funua, bandika na bandua. Chomeka na chomoa vimo katika ukoo huohuo, kwa hiyo anayejifunza istilahi moja amepata mbili. Wanaopendelea “kuunganisha” wanaitupa hazina hiyo, kisha wanalazimika kutofautisha kuunganisha kifaa na kuunganisha mtandao.

Kuhusu dumifu, shina ni dumu, kutoka mzizi wa Kiarabu uliotupa pia daima. Kiambishi -fu ni kilekile cha pungufu na sahaulifu. “Kumbukumbu ya kudumu” ni jina lililokwishachukuliwa: mwanafunzi wa kompyuta hufikiria diski au ROM, na mtu wa kawaida hufikiria mnara wa mashujaa. Kivumishi kimoja kifupi kinaondoa mkanganyiko wote huo, na kukikataa kwa sababu tu hakijazoeleka ni uvivu.

Kwa matumizi: mashine huanzishwa ikiwa imetajiwa idadi ya nafasi na ukomo wa kumbukumbu, kisha amri ya object_add huandaa faili lililo kwenye seva, na device_add hulichomeka. Ndani ya Linux kifaa hujitokeza kama /dev/pmem0. Chaguo la share=on lisisahaulike, kwani bila hilo yanayoandikwa hayafiki kwenye faili, na udumifu unabaki jina tu. Kuchomoa bila kuzima bado hakujawezekana kwa nvdimm kwenye mashine za x86 za QEMU. Anayetaka kukitoa kifaa huizima mashine kwanza.