Maoni ya wananchi katika sheria: kutoka ukumbi wa Mabibo hadi mtandaoni

Tanzania ilikuwa ikikusanya maoni ya wananchi kuhusu sheria muda mrefu kabla ya intaneti. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilisikiliza watu zaidi ya 36,000 kuhusu mfumo wa vyama. Wengi walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992.

Mwaka 1993 ulianzishwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, wenye makao yake Mabibo, jirani na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Semina zake za Jinsia na Maendeleo, zinazojulikana kama GDSS, hufanyika Jumatano alasiri. Yeyote anakaribishwa, na mjadala ni kwa Kiswahili. Hilo la lugha lina uzito mkubwa. Kwa miongo mingi miswada iliandikwa kwa Kiingereza ilhali wabunge waliijadili kwa Kiswahili. Ni marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Muswada usioeleweka hauwi wa wananchi hata ukiwekwa kwenye tovuti, na vikao vya aina hii vilisaidia kuziba pengo hilo.

Njia ya mtandao ilipanuka mwaka 2012, Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilipopokea maoni kwa barua pepe, tovuti na ujumbe mfupi wa simu, pamoja na mikutano ya hadhara. Rasimu ya kwanza ilitoka Juni 2013, ikapelekwa kwenye mabaraza ya katiba. Wajumbe walipatikana kwa makundi: mzee, mwanamke, kijana na mtu mwingine yeyote. Majina yalipita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na hapo yakazuka malalamiko ya upendeleo wa kichama. Madai ya wanaharakati wanawake ya uwakilishi wa 50 kwa 50 yaliingia katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014. Muundo wa Muungano wa serikali tatu, uliokuwa kiini cha rasimu ya Warioba, uliondolewa na Bunge Maalumu la Katiba. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa.

Baadaye uwanja wa mtandaoni ulibanwa. Kanuni za maudhui za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni, na Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini. Nchini Kenya, kinyume chake, vijana waliuchambua Muswada wa Fedha wa 2024 mtandaoni kifungu kwa kifungu, wakaandamana, na Rais William Ruto akakataa kuusaini.

Tofauti ya nchi hizi mbili imo pia katika maandishi. Ibara ya 21(2) ya Katiba ya Tanzania inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inakwenda mbali zaidi: inalibebesha Bunge lenyewe wajibu wa kuwashirikisha wananchi.