Kasi ya Nyimbo za Wapagazi wa Kinyamwezi katika Silinda za Nta

Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alisafiri kusini mwa koloni la Wajerumani akiwa na fonografu na wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa mbali na njia yao ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin alichapisha "Wanyamwezi-Gesänge" katika jarida la Anthropos, akinukuu kwa nota nyimbo zilizonaswa kwenye silinda za nta. Mtafiti wa misafara hushawishika kuuliza: je, kasi ya nyimbo za namna hii inatuonesha mwendo wa mtu aliyebeba frasila mbili begani?

Katika silinda, kasi na kidatu havitengani. Ikizungushwa haraka kuliko ilivyorekodiwa, wimbo huenda mbio na sauti hupanda; nusu toni moja ni takribani asilimia 6, hivyo mapigo 100 kwa dakika huwa 106. Wachunguzi wa rekodi kongwe za piano wana nafuu hapa, kwa kuwa ufunguo wa utungo hujulikana na ala ilitiwa sauti kabla ya kupigwa. Sauti ya binadamu haina kipimo hicho. Ndiyo maana hifadhi ya Berlin iliwaagiza wakusanyaji wapulize filimbi ya mitetemo 435 kwa sekunde mwanzoni mwa silinda. Pasipo filimbi hiyo, namba ya metronomu juu ya nota ni makisio, na haifai kujengewa hoja ya historia ya kazi.

Hata filimbi ikiwapo, kinachopatikana ni kasi ya kikao cha kurekodi. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe ya mashine, bila mzigo, bila mlima, bila jua la Ugogo. Silinda nayo ilijaa kwa dakika mbili au tatu hivi. Sidhani kwamba mtu wa namna hiyo aliimba kwa pumzi ile ile ya safarini.

Lakini uwiano haupotei. Silinda ikizunguka sawasawa, hata kwa kasi isiyo yake, urefu wa sauti ya kiongozi ukilinganishwa na kiitikio hubaki vilevile. Kiongozi akiyashika maneno mara mbili ya muda wa waitikiaji, mara mbili hiyo husalia. Wachunguzi wa piano hutegemea jambo hilohilo wanapopima jinsi mpigaji anavyovuta na kukaza mapigo ndani ya utungo mmoja. Kwa wapagazi, uwiano huo unahusu mgawanyo wa pumzi kati ya aliyetangulia na waliofuata, na hapo ndipo napendekeza uchambuzi uanzie.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo misafara mikubwa ya miguu ilififia katika njia hiyo, na hakuna mwendo hai wa kuulinganisha na silinda.